Fedha ya zamani yenye nakshi: weusi, kijani, madoa na mchoro unaofifia

Kuna vyombo vya fedha vya Kiingereza na vya Kihindi vilivyolala katika makabati mengi ya Mombasa: pawa za mchuzi, vijiko vikubwa vya kupakulia, vipakulio vya samaki vyenye matundu ya maua, koleo za sukari, masinia, mirashi. Vingine vilikuja na wenyewe kutoka Bombay na Kutch. Vingine vilinunuliwa mnadani wakati familia za Waingereza zilipokuwa zikifunga nyumba na kurudi kwao. Katika nyumba nyingi za Waislamu havitumiki mezani, kwa kuwa Mtume amekataza kula na kunywa katika vyombo vya fedha, basi hukaa vikiwa amana ya bibi. Chombo kisichoshikwa huingia weusi. Halafu siku ya kuamkia arusi mtu hukitoa, akakisugua kwa chochote kilichopo jikoni mpaka king'ae, na nakshi iliyochukua siku kadhaa za kazi ya mchoraji ikaondoka na kitambaa.

Nakshi ndiyo mali ya chombo hiki. Uzito wa fedha unapatikana kwa kilo. Mchoro wa mkono wa miaka 150 iliyopita ukishafutika haurudi. Kwa hiyo kila ninachoeleza hapa kinaanza na kuangalia, na kusugua huja mwisho, kama kweli kunahitajika.

Kwanza ujue umeshika nini

Fedha ya sterling ni sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na kilichobaki karibu chote ni shaba. Shaba hutiwa kwa sababu fedha tupu ni laini mno, kijiko kingepinda kwenye wali. Iweke akilini hiyo shaba, maana ndiyo inayoleta kijani na kijivu tutakavyovikuta mbele.

Geuza chombo, tazama nyuma ya mpini au chini ya kitako. Simba anayetembea ni alama ya sterling ya Uingereza, imetumika tangu 1544. Kando yake kuna alama ya mji uliopima: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, na taji ni Sheffield kwa vyombo vya zamani. Ofisi za Birmingham na Sheffield zilifunguliwa 1773. Ukiona pia kichwa cha mfalme au malkia kilichotazama upande, hiyo ilikuwa alama ya kodi kulipwa, na iligongwa kati ya 1784 na 1890, kwa hiyo umri wa chombo unaanza kujulikana hapo hapo. Neno "Sterling" likiwa limeandikwa wazi, mara nyingi chombo ni cha Marekani. Angalia sana kazi za Gorham, watengenezaji wa Providence: alama yao ni simba, nanga na herufi G, na watu wengi huisoma kuwa Birmingham.

Herufi EPNS maana yake ni nikeli na shaba iliyopakwa fedha kwa umeme, kazi ambayo Elkington wa Birmingham waliipatia hataza 1840. Baadhi ya watengenezaji walizigonga herufi hizo moja moja ndani ya viboksi vidogo, na ukitazama haraka utadhani ni mihuri ya kweli.

Kutokuwa na muhuri hakumaanishi ni bandia. Kazi ya Kihindi mara nyingi haina simba. Kazi ya masonara wa pwani na Uarabuni nayo haina, na fedha yake haikuwa lazima ifike 925, kwa kuwa riale ya Maria Theresa, ile yenye tarehe ya 1780, iliyozunguka Bahari ya Hindi na kuishia katika vyungu vya masonara, ilikuwa na fedha 833 kwa 1,000.

Ukiwa na mashaka, kabla hujamruhusu mtu akikwaruze kwa asidi, pima kwa maji. Weka chombo kikavu juu ya mizani ya jikoni, andika gramu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ning'iniza chombo kwa uzi kizame chote bila kugusa bakuli. Gramu zitakazoongezeka ndizo ujazo wake. Gawanya uzito kwa ujazo. Upawa wa gramu 155 ulioongeza gramu 15 unatoa 10.3, na hapo ndipo sterling ilipo. Nikeli iliyopakwa huangukia karibu na 8.7. Kipimo hiki hakifai kwa visu vyenye mpini wa kujazwa, wala kwa chombo chenye mti au mfupa, wala kwa mrashi, maana ndani ni mtupu.

Chombo kizima kimeingia weusi

Huanza manjano hafifu, ikawa kahawia, ikapita zambarau na buluu, ikaishia weusi. Ni salfa ya hewani iliyoshikana na fedha. Weusi wenyewe, basi, ni fedha iliyogeuka. Ukiusugua ukatoka, umeondoa sehemu ya chombo.

Kabla ya kuusafisha, soma umekaaje. Mkanda mweusi uliozunguka mipini ni raba iliyofungia vijiko. Alama za vidole zilizokolea ni jasho na chumvi yake, na zikiachwa muda mrefu hula. Upande mmoja mweusi na mwingine mweupe ni mlango wa kabati usiofunga vizuri, au chombo kililala juu ya sufu. Kijiko cheusi ndani ya bakuli lake tu kilipakulia mayai, au kachumbari yenye kitunguu, na hakikuoshwa siku hiyo. Thomu nayo ni hivyo hivyo. Gazeti la zamani la kufungia, gundi ya mbao za kubandika, moshi wa jiko na wa magari, mtaro ulio wazi nyuma ya nyumba: vyote vina salfa. Unyevu ndio unaoharakisha, kwa hiyo katika miezi ya mvua za kusi utaona kwa wiki kile ambacho Nairobi kingechukua miezi.

Osha kwanza, hata kama hakionekani kichafu. Vumbi la kwetu lina chembe za mchanga na chumvi, na ukisugua juu yake unachora mikwaruzo mipya juu ya nakshi. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo isiyo na ndimu, kitambaa cha pamba kilichochakaa. Suuza, kausha pale pale, usiache kikauke chenyewe. Manjano mara nyingi huishia hapo, na huna haja ya kuendelea.

Weusi ukibaki, chukua chaki laini ya unga, ile kalsiamu kaboneti ya duka la dawa, ichanganye na maji iwe uji mzito. Sugua kwa pamba laini, kwenda na kurudi katika mstari mmoja, bila kuzungusha. Fika juu ya nyuso zilizo wazi, na weusi ulio ndani ya mistari ya nakshi uuache. Huo ndio unaofanya ua na jani lisomeke. Kipakulio cha samaki kilichosafishwa mpaka ndani ya mistari huonekana kitupu kwa mbali, na mwenyewe hudhani nakshi imekufa, kumbe imekosa kivuli chake tu.

Sasa lile la karatasi ya foili, chumvi, maji moto na soda ya kuumulia maandazi. Linafanya kazi kweli: alumini huichukua salfa na fedha hurudi kuwa fedha, bila kusugua. Kwa sahani isiyo na mchoro, ya fedha nzima isiyo ya kupakwa, sina ugomvi nalo. Kwa chombo chenye nakshi nalikataa, kwa sababu huchomoa weusi wote pamoja na ule wa ndani ya mistari, na huacha uso mweupe uliofifia ambao mwishowe utautafutia kitambaa usugue. Visu vya mpini wa kujazwa, vyombo vilivyopakwa maji ya dhahabu na vilivyobandikwa kwa gundi visikaribie kabisa. Dawa za kuchovya za dukani ni mbaya zaidi: nyingi zina asidi, na zikibaki kwenye kona chombo huharibika kwa ndani huku nje kiking'aa.

Ndimu, ukwaju na majivu tulirithi kwa sufuria za shaba, na kwa shaba ni dawa nzuri. Utando wa fedha hausikii asidi ya ndimu, kwa hiyo kinachofanya kazi yote ni majivu, na majivu hukwaruza. Dawa ya meno na waya wa kusugulia sufuria pia uviweke mbali.

Weusi unarudi baada ya siku chache

Mara nyingi dawa ya kung'arishia haikusuuzwa, au chombo kilifungwa kikiwa na unyevu. Wakati mwingine kilishikwa kwa glovu za mpira. Vikiondolewa hivyo na weusi bado unarudi, tatizo ni kabati lenyewe. Weka kijiko kimoja humo na kingine chumba kingine kwa wiki mbili, ulinganishe.

Funga kwa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofuliwa na kusuuzwa sana, kisha mfuko wa plastiki mwepesi wa kufunga kwa zipu, hewa itolewe. Tia pakiti za silika za kunyonya unyevu, na uzibadilishe. Usitie nafthalini. Usikivingirishe plastiki ya kubandika chakula moja kwa moja juu ya fedha. Na kwa wanaovitumia, habari njema: chombo kinachopakuliwa kila Ijumaa, kikaoshwa na kukaushwa, hukaa safi kuliko kilichofichwa.

Kijani, au vidoa vyeusi vilivyozama

Hapa inazungumza ile shaba. Chumvi ya hewa ya bahari na ya chakula hushika shaba iliyo ndani ya sterling na kutoa kijani, hasa kwenye viungio, chini ya mipini ya sinia, na kwenye kona ambazo kitambaa hakifiki. Achari ya ndimu au ya embe ni chumvi na asidi kwa pamoja, na ikilala usiku mmoja kwenye kijiko inaacha alama. Mrashi nao: maji ya waridi yaliyobaki ndani huharibu tumbo lake na uzi wa shingo, nawe nje huoni kitu. Ufungue, usuuze, uuache wazi ukauke.

Kijani kilicho juu juu hutoka kwa maji ya vuguvugu na kijiti cha mti kilicholainishwa ncha. Usikwangue kwa kisu.

Vidoa vyeusi vilivyozama, hasa ndani ya vibakuli vya chumvi, ni mashimo ambayo chumvi imekwisha kula. Hayo hayasafishiki. Kuyaondoa ni kukwangua ukuta wote mpaka ufike chini yake, na ukuta wa chombo cha zamani hauna unene wa kuchezea. Waingereza walijua: ndiyo sababu vibakuli vyao vya chumvi huwa na bakuli la kioo cha buluu ndani, au vimepakwa dhahabu. Kioo kikiwa kimevunjika, tafuta kingine, au usitie chumvi.

Wekundu au manjano yanayojitokeza kwenye ncha

Huo si ugonjwa wa fedha. Chombo kilipakwa, na mpako umeisha pale panapoguswa zaidi: ncha ya kijiko, mgongo wa bakuli lake, ukingo wa sinia. Wekundu ni shaba, na inaweza kuwa kazi ya zamani iitwayo Sheffield plate, yaani shaba iliyobandikwa fedha kabla ya enzi ya kupaka kwa umeme. Hiyo usiipeleke ikapakwe upya. Wanunuzi wanaoijua huitaka hivyo ilivyo, na mpako mpya huziba mchoro na thamani yake. Manjano au kijivu kinachopauka huwa ni nikeli, yaani EPNS, na hiyo unaweza kuipaka ukipenda, mradi ujue mistari myembamba itajaa.

Doa la kijivu lisilotoka

Unasafisha, chombo kinang'aa, lakini ukikiinamisha kwenye mwanga wa dirisha unaona wingu la kijivu chenye zambarau lililotulia chini ya uso. Watu husugua hilo kwa saa nzima. Halitatoka, kwa sababu limo ndani ya madini: wakati chombo kinatengenezwa na kupashwa moto, hewa iliingia na kuiunguza shaba iliyo chini ya ngozi ya fedha. Kadiri ngozi ya juu inavyosuguliwa ndivyo wingu linavyozidi kuonekana. Likiwa la zamani liache. Likiwa limezuka karibu na kiungo baada ya chombo kurudi kwa fundi, alikipasha moto bila kukikinga.

Nakshi imefifia

Chukua kioo cha kukuzia na utazame mstari mmoja tu. Mchoro wa kuchonga ni mfereji: kisu cha mchoraji kilitoa uzi wa fedha. Ukiwa mzima, kingo zake ni kali na ukipitisha ukucha unakwama kidogo. Ukiwa umesuguliwa, kingo zimeviringika na ukucha unateleza. Katika ule mtindo wa mwisho wa karne ya 18, ambao mchoraji alilaza kisu upande ili kila mkato urudishe mwanga, ndiko hasara huonekana mapema, kwa sababu mikato ile ni mipana na haikuzama sana. Mng'aro wa mikato ukifa, mchoro huonekana bapa hata kabla mistari haijatoweka.

Nakshi za Kutch ni kazi nyingine: majani na maua yaliyojaa kila mahali, yaliyosukumwa kwa patasi na nyundo badala ya kuchongwa. Humo hasara hutokea juu ya vilele, pua ya simba au ncha ya ua, ambako kitambaa hupita kwanza.

Kabla ya kusema imefutika, angalia kama haijazibwa. Unga mweupe uliokauka ndani ya mistari ni dawa za miaka mingi. Maji ya vuguvugu, brashi laini ya rangi ya watoto, subira. Nimeona herufi za kwanza za jina zikijitokeza hivyo kwenye mpini ambao mwenyewe alisema hauna kitu.

Hali ya tatu ni jina lililofutwa makusudi, kwa sababu chombo kiliuzwa. Kipulizie pumzi, ukitazame kwa mshazari. Kabla mvuke haujakauka, mistari ya zamani huweza kujitokeza, au utaona bonde dogo laini katikati ya uso ulionyooka. Bonyeza hapo polepole kwa kidole gumba. Pakiitika, pamekuwa pembamba. Bei ishuke.

Kuchonga upya juu ya mistari ya zamani nakataza. Mkono wa pili haufuati wa kwanza, na kinachobaki ni mchoro wa juzi juu ya fedha ya zamani.

Mpini wa kisu unacheza au unalia

Mipini mingi ya visu vya fedha ni maganda membamba yaliyojazwa utomvu au lami, na msuka wa kisu, ule mkia wa bapa, umeshikwa humo. Maji moto, mashine ya kuoshea au jua la darini hulainisha ujazo, nao hulegea au kutoka kwenye ufa. Visu hivi huoshwa kwa kitambaa chenye maji, mpini usizamishwe. Ukiona mpasuko mrefu kwenye mpini na bapa ni chuma cha zamani, kuna uwezekano kutu imevimba ndani ikapasua ganda. Hapo ni kazi ya fundi.

Ufa, tundu na kiungo kilichotengenezwa zamani

Tazama viungo kwa makini: shingo ya mrashi, mkono wa upawa, miguu ya sinia. Ukiona uvimbe wa kijivu, laini, usio na mng'aro wa fedha, mtu alipalehemu kwa risasi. Ikikaa hivyo haina madhara makubwa kwa chombo, ila kisitumike kwa chakula. Hatari huja mtu anapokipasha moto mkali ili alehemu kwa fedha: risasi huyeyuka mapema sana, hujichanganya na fedha iliyo karibu na kuila, na ufa wa nywele unageuka kuwa tundu.

Kwa hiyo unapokwenda kwa sonara, Mji wa Kale au kwingine, mwonyeshe risasi hiyo kabla hajawasha moto, umwombe aiondoe yote kwanza. Mwambie asikitie kwenye mashine ya kung'arisha baada ya kulehemu. Asafishe kiungo kwa mkono, na nakshi aiache. Kubalianeni bei kwa kazi ya kiungo peke yake, kwa sababu wengi hung'arisha chombo kizima kama zawadi kwa mteja. Piga picha ya mchoro kwa karibu, mbele yake, kabla hujamwachia.